Dijoksini na chikungunya: tunayoambiana Newala na yaliyoonekana maabara

Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ni ya kwetu hata kwa jina. Ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 hapa uwanda wa juu wa Makonde, na neno lenyewe ni la Kimakonde: kujikunja kwa maumivu ya viungo. Kwa hiyo habari kwamba dijoksini, dawa ya moyo, imezuia virusi hivi maabara ilifika haraka dukani kwangu Newala. Kijana mmoja akaniambia, "Dada, baba anavyo vidonge vya moyo nyumbani. Nimpe na mdogo wangu, ana homa na viungo vinamuuma?"

Wanasema dijoksini inaua virusi. Haiviui. Kila seli ya mwili ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani; Jens Christian Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1997. Dijoksini huibana pampu hiyo. Moyo dhaifu hupiga kwa nguvu zaidi, na seli yenye virusi huvurugikiwa chumvi zake, virusi vikashindwa kuzaliana vizuri. Kinachobanwa ni seli yako mwenyewe. Ndiyo maana watafiti wanaipenda: inawaonyesha virusi vinategemea nini ndani yetu.

Wanasema imeshajaribiwa ikafaulu. Ilifaulu kwenye seli za binadamu zilizooteshwa maabara. Kwenye seli za panya haikufua dafu, kwa sababu pampu ya panya ina umbo tofauti kidogo na dawa haiishiki sawasawa. Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Panya ndiye tunayemtegemea kutuonyesha kama dawa inafaa na kama ina hatari, na hapa hawezi kutuonyesha vizuri lolote kati ya hayo mawili: anavumilia dozi ambayo ingemuua mtu.

Halafu kuna kipimo. Kwa mgonjwa wa moyo, dijoksini katika damu hulengwa kuwa kati ya nanogramu 0.5 na 2 kwa mililita. Ikipita hapo huanza kichefuchefu, kuona manjano, mapigo kwenda ovyo, hata moyo kusimama. Kiasi kilichozuia chikungunya maabara kiko juu ya hapo kwa mbali sana.

Wapo pia wanaosema basi tuchemshe mti wa msunguti. Tafadhali, msithubutu! Sumu yake, ouabaini, ni ndugu wa dijoksini, na ndiyo iliyopakwa kwenye mishale ya kuwindia.

Yule kijana nilimwambia vidonge vibaki kwa baba yake, kwa dozi ileile aliyoandikiwa. Mdogo wake apelekwe kupimwa malaria na dengi, anywe maji mengi, apewe parasetamoli kulingana na uzito wake. Asipewe aspirini, maana kama ni dengi inaweza kumtoa damu.