Seli ya neva hujenga na kubomoa

Wazee kutoka Chamwino, Bahi au Kongwa hufika hospitalini mikono ikiwa imetetemeka kwa miaka. Nyumbani wameshaambiwa wamerogwa. Inaniuma, kwa sababu ugonjwa wao, Parkinson, chanzo chake kiko ndani ya seli za neva za ubongo na kinaelezeka.

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha mwili hutengeneza nyingine. Seli za neva karibu zote hazina mbadala. Ubongo wa mtu mzima una takriban bilioni 86, na bibi wa miaka 80 anafikiri kwa seli zenye umri wake. Kinachobadilishwa ni protini zilizomo: nyingi hudumu siku au wiki chache, zikavunjwa, zikaundwa mpya.

Kuunda protini tulifundishwa shuleni. Kuvunja hakusemwi sana, na uhai wa seli unategemea vyote viwili. Protini iliyochakaa au kujikunja vibaya hubandikwa alama iitwayo ubikwitini, kisha mtambo mdogo, proteasomu, huikatakata. Kwa kugundua uvunjaji huu unaoongozwa na ubikwitini, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Vipande huishia kuwa amino asidi, yaani matofali ya kujengea protini, nazo hutumika tena. Mabonge makubwa hufungwa ndani ya kifuko na kupelekwa kwenye lisosomu, ambako vimeng'enya huyamaliza.

Safari hiyo si fupi. Uzi wa neva kutoka uti wa mgongo hadi mguuni hufika karibu mita 1, na kifuko kilichofungwa mwishoni kabisa hurudishwa hadi karibu na kiini. Kwa umbali huo seli haiwezi kungoja kila kitu kitoke makao makuu. Baadhi ya protini huundwa papo hapo, jirani na maungio ya seli na seli. Hata kumbukumbu inahitaji pande zote mbili: panya waliozuiwa kuvunja protini ubongoni walishindwa kuhifadhi walichojifunza, sawa na waliozuiwa kuziunda.

Umri ukisogea, ubomoaji hupungua kasi. Katika ugonjwa wa Parkinson, protini iitwayo alfa-sinukleini hujikusanya ndani ya seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, na seli hizo hufa. Baadhi ya jeni zinazohusishwa na ugonjwa huu ni zile zile zinazosimamia ubomoaji.

Mtazame mzee mkono wake ukiwa umetulia pajani: kidole gumba na cha shahada husuguana kama anayesaga ugoro. Akinyoosha mkono kushika kikombe, mtetemo hupungua. Mara nyingi huanzia upande mmoja, mwendo ukawa mzito.

Wengi huniuliza kuhusu chakula. Ugali wa mtama una upungufu wa lisini, mojawapo ya amino asidi, na kunde au maharage huijaza. Ni jambo jema kwa mwili mzima, ila haliondoi mabonge yaliyokwisha kujikusanya. Dawa ya levodopa nayo haiyaondoi. Hurudisha dopamini iliyopungua, na mzee aliyekuwa akivalishwa nguo huweza tena kufunga vifungo mwenyewe.