Kusoma jenomu ya kirusi: mlipuko umetoka wapi?

Mwaka 2007, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2006, Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu na kuwapata mifugo na watu, iliipiga Dodoma kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Nchi nzima waliugua mamia ya watu, na zaidi ya mia moja walifariki. Kenya, upande wa Garissa, ugonjwa ulikuwa umeshaanza kabla ya kufika kwetu. Je, uliletwa na mifugo kutoka kaskazini, au ulikuwa umelala hapa hapa? Yote mawili yanawezekana, maana mayai ya mbu wa jamii ya Aedes huweza kukaa na kirusi kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri mbuga zifurike.

Dalili hazijibu swali hilo. Ng'ombe hutupa mimba vilevile, kirusi kiwe mgeni au mwenyeji. Kipimo cha kawaida nacho kinakwambia yupi anacho, basi.

Jenomu ni jumla ya maelekezo ya kurithi ya kiumbe. Ya kirusi hiki imeandikwa kwa RNA, kemikali iliyo ndugu ya DNA, kwa herufi takriban 12,000 tu, wakati ya binadamu ni kama bilioni 3. Kirusi kinapozaliana, RNA hunakiliwa bila kuhakikiwa, hivyo herufi hukosewa hapa na pale. Kosa lisilokiua hurithiwa na kizazi chake chote. Maabara hutoa RNA kwenye damu, huigeuza kuwa DNA, huizidisha, kisha mashine husoma herufi moja baada ya nyingine.

Tuseme tuna sampuli tatu: mbuzi wa Bahi, mchinjaji wa Kongwa na ndama wa Chamwino. Virusi vya Bahi na Kongwa vina makosa manne yanayofanana ambayo cha Chamwino hakina. Hivyo viwili vina babu wa karibu zaidi. Je, mbuzi wa Bahi ndiye aliyemwambukiza mchinjaji? Hapana, hilo halijasemwa, ingawa ndiko watu wanakokimbilia. Mti wa ukoo unaochorwa kutokana na makosa hayo unaonyesha nani ni ndugu wa nani. Kujua nani alitangulia kunahitaji tarehe ya kila sampuli, mahali ilipochukuliwa, na vibali vya kusafirisha mifugo. Daftari la mnada wa mifugo wa Msalato lililoandikwa vizuri linaweza kusaidia kuliko mashine ya pili.

Sampuli za mlipuko wa 2006 na 2007 zilipochambuliwa, zilionekana koo kadhaa za kirusi zikizunguka kwa wakati mmoja, zikapewa majina kama Kenya-1, Kenya-2 na Tanzania-1. Kwa hiyo haikuwa cheche moja iliyosambaa kote. Linganisha na Ebola ya Afrika Magharibi iliyotangazwa 2014: jenomu zake zilielekeza kwenye tukio moja la kuvuka kutoka kwa mnyama, kisha mtu akamwambukiza mtu.

Homa ya Bonde la Ufa ina utata wake mwingine. Jenomu yake iko vipande vitatu, na virusi viwili vikikutana ndani ya mbu au mnyama mmoja vinaweza kubadilishana vipande. Hapo kipande kimoja kitataja babu huyu na kingine babu yule, kwa hiyo kila kipande huchorewa mti wake.

Makosa hayo pia hutumika kama saa: ukijua kwa wastani mangapi hujikusanya kwa mwaka, unarudi nyuma hadi kwa babu wa wote. Hesabu moja ya aina hiyo ilimweka mwishoni mwa karne ya 19, ingawa kirusi kilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mimi husoma miaka hiyo kwa tahadhari. Ndani ya yai lililokauka kirusi yaelekea hakinakiliwi sana, saa karibu inasimama, na kilicholala muda mrefu kwenye tope la Bahi kinaweza kuonekana kijana kuliko umri wake.