Picha zikifanana, uigaji haujathibitishwa

Wengi hudhani galaksi iliyoigwa kwenye kompyuta ikifanana na picha ya darubini, kazi imekwisha. Sivyo. Kompyuta hutoa uzito wa nyota na gesi. Darubini hupokea mwanga tu. Kati ya viwili hivyo kuna vumbi, nalo ndilo msumbufu mkuu: hufyonza mwanga wa nyota changa, likapata joto, kisha likaurudisha kama infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Kwa hiyo mtafiti hurusha chembe za mwanga za kubuni ndani ya galaksi yake, akifuatilia zinavyotawanywa na kufyonzwa. Na mara nyingi vumbi lenyewe halikuigwa. Limekadiriwa tu kutokana na elementi nzito (zilizo nzito kuliko hidrojeni na heli) zilizomo kwenye gesi. (Hapo ndipo mimi huanza kutilia shaka.)

Darubini nayo hudanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kamera ya SCUBA huko Hawaii iligundua galaksi zenye vumbi zinazong'aa mno. Baadaye ALMA, mkusanyiko wa darubini za redio nchini Chile, ikaonyesha kuwa baadhi ya madoa kama hayo ni galaksi kadhaa zilizochanganyika. Ndiyo maana picha ya uigaji hutiwa ukungu na kelele (madoa ya ovyo) za darubini kwanza, kisha idadi ya galaksi kwa kila kiwango cha mng'ao ndiyo hulinganishwa na ile iliyoonwa na darubini.