Siku 12 za Spike Lee, na mengine anayosingiziwa

Kazi yangu ni kupanga bajeti na ratiba za filamu za watu. Kijana anakuja na skripti ya kurasa 90, ndani yake mna harusi, msiba, ajali ya basi na kesi mahakamani, na mfukoni ana pesa ya kushuti siku nne. Nikimwambia haitoshi, jibu nalijua kabla hajafungua mdomo: "Mbona Spike Lee filamu yake ya kwanza aliipiga kwa siku 12, hana hela, hana chochote?" Anamsema yule mwongozaji mweusi wa Kimarekani. Juzi nimeambiwa tena, na mtu ambaye filamu yenyewe hajaitazama. Basi niyaandike yote hapa, na atakayenijia tena na hiyo hoja nitamtumia asome.

"Alianza bila chochote, akamaliza kwa siku 12"

Siku 12 ni kweli. *She's Gotta Have It*, hiyo filamu yake ya kwanza, ilipigwa Brooklyn, New York, mwezi Julai 1985 kwa siku 12, nyeusi na nyeupe, kwa mkanda wa milimita 16. Ila hizo 12 ni siku za kamera tu. Anayezitaja hasemi kilichotangulia wala kilichofuata.

Tuanze na hilo la "hana chochote". Shelton Jackson Lee, ndilo jina lake kamili, alizaliwa Atlanta mwaka 1957, akakulia Brooklyn. Baba yake, Bill Lee, alikuwa mpiga besi na mtunzi wa muziki wa jazi. Mama yake alikuwa mwalimu, na ndiye aliyembandika hilo jina la Spike tangu utotoni (kwa hiyo si jina la kisanii, tuliondoe hapo hapo). Bibi yake mzaa mama alimsomesha Morehouse, chuo alichosoma baba yake na babu yake pia, kisha akamsomesha shule ya filamu ya Chuo Kikuu cha New York. Hiyo si familia ya kitajiri, lakini ni familia iliyoamua kwamba mtoto huyu atasoma sanaa, na ikagharamia uamuzi wake. Wangapi kati yetu tuna bibi wa namna hiyo?

Shuleni alitengeneza filamu ya mwaka wa kwanza iitwayo *The Answer*, iliyoishambulia filamu ya kale ya kibaguzi ambayo walimu waliifundisha kama msingi wa sanaa hii. Baadhi yao hawakufurahi. Akabaki, akasoma. Filamu yake ya kuhitimu, *Joe's Bed-Stuy Barbershop: We Cut Heads*, ni ya kama saa nzima, na mwaka 1983 ilipata tuzo ya wanafunzi ya Akademia, wale wale watoao Oscar. Kamera alishika Ernest Dickerson, mwanafunzi mwenzake. Msaidizi wake alikuwa mwanafunzi mwingine wa hapo, Ang Lee. Ndiyo, huyo huyo Ang Lee aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu. Siku 12 zilipofika, Spike na Dickerson walikuwa wamekwishafanya kazi pamoja miaka, na kwenye seti hawakuhitaji maneno mengi.

Hata hivyo tuzo haikumpa kazi. Alipata kibarua katika kampuni ndogo ya usambazaji, anasafisha mikanda ya filamu na kuituma kwa wateja. Kisha ikaja kiangazi cha 1984, na hapa ndipo ninapotaka watu wasome polepole. Alikuwa na skripti iitwayo *Messenger*, habari za kijana wa Brooklyn anayepeleka vifurushi kwa baiskeli. Alikusanya watu, akaanza maandalizi, na pesa aliyoitegemea ikawa haiji. Chama cha waigizaji nacho kikakataa kumpa masharti nafuu ya filamu ndogo, kikisema mradi wake ni wa kibiashara mno. Mradi ukafa mikononi mwake, na watu waliokuwa wameacha vibarua vingine kumsubiri wakabaki hawana kazi.

Mwaka uliofuata hakurudi na *Messenger* kwa ukaidi. Alirudi na hadithi ndogo kwa makusudi. Itazameni *She's Gotta Have It* kwa jicho la mpanga bajeti: mwanamke mmoja, Nola Darling, na wanaume watatu wanaomgombea. Sehemu kubwa inafanyika chumbani kwake na kwenye mitaa na bustani za jirani. Wahusika wanaikabili kamera na kuongea moja kwa moja. Watu huusifia mtindo huo kama ubunifu, na ni ubunifu kweli, lakini pia ni mtu mmoja, kiti kimoja na mpangilio mmoja wa taa, na mnapata kurasa kadhaa za skripti kabla ya chakula cha mchana. Mars Blackmon, mmoja wa hao watatu, yule wa miwani mikubwa na maneno mengi, Spike alimcheza mwenyewe. Dada yake Joie yumo. Baba yake yumo, na muziki ni wa baba yake. Kipande cha rangi kiko kimoja tu, dansi kwenye bustani ya Fort Greene. Hakuna basi lililoanguka.

Na pesa? Bajeti inayotajwa ni dola 175,000 za wakati ule. Sehemu kubwa haikuwa taslimu. Ilikuwa madeni na malipo yaliyoahirishwa. Alipata ruzuku ya dola 18,000 kutoka baraza la sanaa la jimbo la New York, na zilizobaki alizichanga kwa barua, simu na kuombaomba. Kikosi kiliambiwa kisitupe makopo ya soda, kwa sababu kule kopo tupu linarudishiwa senti. Makopo kila mtu anayakumbuka. Ruzuku haikumbukwi, kwa sababu ruzuku maana yake ni fomu, viambatanisho na tarehe ya mwisho.

Baada ya siku 12, kamera ikazimwa, na mhariri akawa yeye mwenyewe. Filamu ikaonekana kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 1986, ikapata tuzo ya vijana, na ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani Agosti 1986. Hesabu: mwaka mmoja na zaidi tangu siku ya kwanza ya kushuti. Bodi ya madaraja ilimlazimisha kukata vipande ili isipewe daraja la filamu za ngono. Mwishowe iliingiza zaidi ya dola milioni saba, na madeni yakalipika. Kumbukumbu zake za utengenezaji alizichapisha kama kitabu mwaka 1987. Anayetaka kunitajia siku 12 aanzie kwenye kitabu hicho, ataona muda mwingi unakwenda kutafuta pesa.

Ushauri wangu, na najua nimeshaurudia mpaka watu wamenichoka: kabla hujaandika ukurasa wa kwanza, andika orodha ya sehemu unazoweza kuingia na kamera bila kumlipa mtu. Nyumba ya shangazi. Saluni ya rafiki. Boti ya mjomba wako, kama unaye. Halafu tunga hadithi inayokaa humo. Ukimaliza, fanya mazoezi na waigizaji mpaka wachoke, kwa sababu mazoezi hayana gharama ya jenereta. Na hela ya chakula cha kikosi usiiguse hata ukibanwa vipi. Mtu mwenye njaa anashika kipaza sauti kikiwa kimeinama.

"Anaishi kwa kiki"

Hii ya pili inanikera kidogo tu kuliko ya kwanza. Eti siri ya Spike Lee ni kuchokoza watu, basi nasi tuchokoze. Nimeletewa skripti ambazo uchokozi ndio mhusika mkuu.

Chukua *Do the Right Thing*, ya 1989, iliyochokoza kuliko zote. Kabla haijatoka, waandishi wenye majina makubwa waliandika kwamba vijana weusi wakiitazama watatoka sinema na kuanza kuchoma moto. Hakukuwa na vurugu. Watu walinunua tiketi, wakatazama, wakabishana, wakaenda nyumbani. Katika filamu polisi wanamkaba kijana, Radio Raheem, mpaka anakufa, kisha duka la piza linachomwa. Wakosoaji kadhaa waliumizwa zaidi na duka. Mwishoni imetolewa kwa familia za watu waliokufa kweli, wakiwemo Eleanor Bumpurs, bibi aliyepigwa risasi na polisi nyumbani kwake mwaka 1984, na Michael Stewart, kijana aliyefariki mwaka 1983 baada ya kukamatwa na polisi. Ukiita hiyo kiki, basi hata tangazo la msiba ni kiki.

Na uchokozi wenyewe umejengwa kwa mikono. Studio ya Paramount ilitaka mwisho ulainishwe. Spike akaihamishia filamu studio ya Universal. Yote inatokea kwenye mtaa mmoja wa Stuyvesant Avenue, siku moja ya joto kali, lakini ilipigwa kwa wiki kadhaa za kiangazi cha 1988. Siku moja ya hadithi, wiki kadhaa za jua linalobadilika! Dickerson aliutaka mtaa unaokwenda kaskazini na kusini ili upande mmoja uwe na kivuli muda mrefu, hapo jua lisimvurugie mfululizo wa picha. Ukuta ulipakwa rangi nyekundu. Chini ya lenzi waliwasha moto mdogo ili hewa ionekane ikitetemeka kwa joto. Duka la piza la Sal lilijengwa pale pale kwenye kiwanja kilichokuwa wazi. Anayetaka kuchokoza kama Spike aanze kwa kujua mtaa wake umeelekea wapi.

Simkingii kifua kwa kila kitu. Tukio la ubakaji katika filamu yake ya kwanza lilikuwa kosa, na mwenyewe alikiri mwaka 2014 kwamba analijutia. Ndugu wawili Wayahudi wenye klabu katika *Mo' Better Blues* ya 1990 ni vikaragosi, na utetezi wake gazetini haukunishawishi.

"*Malcolm X* ililipiwa yote na studio"

Hii ni filamu ya maisha ya Malcolm X, mpigania haki wa Wamarekani weusi. Studio ya Warner ilitoa kiasi, si chote alichotaka Spike. Fedha zilipozidi kikomo, kampuni ya dhamana ya ukamilishaji (inayodhamini kwamba filamu itamalizika) ilishika hatamu za matumizi wakati wa uhariri. Spike alikuwa ameshatumbukiza sehemu kubwa ya ujira wake. Akawapigia simu watu weusi wenye uwezo: Oprah Winfrey, Michael Jordan, Magic Johnson, Janet Jackson, Prince, Tracy Chapman na wengine. Wakatoa. Wengi wanaosimulia kisa hiki wanasema "waliwekeza". Hapana, walitoa zawadi. Hawakudai hisa wala kurudishiwa. Hata saa tatu na dakika 22 za filamu zikabaki kama alivyotaka, na kikosi cha Waislamu kikapata ruhusa ya kupiga picha Makka, jambo ambalo filamu ya kuigiza haikuwahi kuruhusiwa kabla.

Yule mzee kwenye darasa la Soweto mwishoni ni Mandela mwenyewe, si mwigizaji. Maneno ya mwisho ya ile kauli maarufu ya Malcolm, "kwa njia yoyote ile itakayobidi", Mandela hakukubali kuyatamka, ndiyo maana picha inakatika na kumwonyesha Malcolm halisi akiyasema.

"Hana filamu ya kawaida ya kuuza"

*Inside Man*, 2006. Wizi wa benki, Denzel Washington, Clive Owen, Jodie Foster. Iliingiza zaidi ya dola milioni 180 duniani. Mmeiona kwenye vibanda umiza na hamkusoma jina la mwongozaji.

"Ile picha ya mtu anayeelea ni kompyuta"

Ni reli na toroli. Mwigizaji anawekwa kwenye toroli lile lile lenye kamera, vinasukumwa pamoja, mandhari ndiyo inayorudi nyuma. Denzel anaelekea kuuawa katika *Malcolm X* kwa namna hiyo. Msiniulize programu ya simu.

Na *Crooklyn* ya 1994, pale msichana anapokwenda kwa ndugu zake Kusini na picha yote inabanwa watu wakawa wembamba: nakala yako haina ubovu. Iliachwa hivyo makusudi, mtoto ajisikie ugenini. Hata Marekani majumba ya sinema yalilazimika kubandika matangazo kwamba mashine ni nzima.

"*Do the Right Thing* ilinyang'anywa Oscar ya filamu bora"

Haikunyang'anywa, maana haikuteuliwa hata kidogo katika kundi hilo. Iliteuliwa kwa skripti na kwa mwigizaji msaidizi, Danny Aiello, na haikupata yoyote. Filamu bora mwaka ule ilikuwa *Driving Miss Daisy*, hadithi ya dereva mweusi na bibi mzungu. Spike alipewa Oscar ya heshima mwaka 2015, na ya kushindania akaipata Februari 2019, ya skripti ya *BlacKkKlansman*, pamoja na waandishi wengine watatu. Usiku huo huo filamu bora ikawa *Green Book*, ambamo mzungu anamwendesha mwanamuziki mweusi. Spike akainuka kutaka kutoka ukumbini. Baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba kila mtu akiendeshwa na mwenzake, yeye hushindwa, ila safari hii walikuwa wamebadilishana viti.