Je, wajua kwa nini terraform fmt haikuulizi unapenda mtindo gani?

Wanaojenga seva kwa Terraform, programu inayounda seva kulingana na maandishi, huandika matakwa yao kwenye mafaili ya usanidi: mashine ngapi, zikae eneo gani, nani aruhusiwe kuingia. Faili moja hupitia mikono mingi, na kila mkono una mazoea yake. Huyu huanza mstari kwa nafasi mbili, yule kwa nne, mwingine hapendi ila tabo. Amri ya terraform fmt hufuta tofauti hizo mara moja: nafasi mbili kwa kila ngazi, na alama za = kwenye mistari inayofuatana husimama safu moja. Ukitafuta pa kuiambia iweke nafasi nne, hupaoni. Hapapo.

Wazo hili lina asili katika Go, lugha ambayo Google iliitangaza hadharani Novemba 2009, na ambayo ndiyo iliyotumika kuandika Terraform yenyewe. Go ilikuja na gofmt, amri yake ya kupangilia msimbo, kazi ya Robert Griesemer, mmoja wa waasisi wake watatu. Nayo haina chaguo la mtindo. Mwasisi mwenzake, Rob Pike, amewahi kusema kwamba mtindo wa gofmt haupendwi zaidi na yeyote, ila gofmt yenyewe inapendwa na wote.

Ndani, gofmt husoma msimbo, hujenga mti wa sarufi yake, kisha huuandika upya kutoka kwenye mti huo. terraform fmt hufanya kazi nyepesi zaidi: hukata maandishi vipandevipande, huangalia mabano yaliyo wazi ili ijue mstari uingie ndani kiasi gani, halafu hurekebisha nafasi. Mistari mirefu haiivunji, wala haibadili mpangilio wa mafungu.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, si uzuri wa macho. Ni usalama wa ukaguzi. Chukua sheria ya mtandao iliyokuwa inaruhusu anwani chache, sasa imeandikwa 0.0.0.0/0, yaani intaneti nzima inaruhusiwa. Badiliko hilo likija peke yake, mkaguzi hulinasa. Likifichwa katikati ya mamia ya mistari iliyosogezwa nafasi tu, ni rahisi sana kulipita.

Hata hivyo, kule kupanga alama za = kuna gharama. Ongeza kigezo chenye jina refu, na mistari jirani itasogea, hivyo Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, itaionyesha kana kwamba nayo imebadilika. Dawa ni git diff -w, inayopuuza tofauti za nafasi.

Mradi wa zamani usiupangilie pamoja na kazi nyingine. Fanya upangiliaji katika komiti yake pekee, yaani badiliko lililohifadhiwa peke yake kwenye Git, kisha andika namba ya komiti hiyo kwenye faili ambalo git blame, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, itaelekezwa kulisoma ili iipuuze komiti hiyo. Git ina uwezo huo tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019. Bila hivyo, kila mstari uliosogezwa utaonekana umeandikwa na aliyeendesha amri.

Baada ya hapo, weka terraform fmt -check -recursive kwenye mfumo unaopima msimbo kabla haujaunganishwa. Neno -recursive usilisahau, kwani bila hilo amri hukagua folda uliyomo tu, na moduli, yaani folda za usanidi zilizo ndani zaidi, hazikaguliwi.