Mita inasoma volti 5 lakini taa haiwaki: feni ya upepo niliyotengeneza na binti yangu

Kazi yangu ni kusuka mota zilizoungua, kwa hiyo binti yangu wa miaka 9 aliponiambia "baba tutengeneze umeme wa upepo" nikaona hii ni kazi ya Jumamosi moja tu. Imetuchukua miezi. Na kosa la kwanza nililifanya mimi fundi, sio yeye.

Nilichukua kimota kilichotoka kwenye gari la kuchezea, nikakipachika mapanga matatu, tukakiweka nje, kikazunguka vizuri kabisa, mtoto akashangilia, kuweka mita... volti 0.2. Taa nyekundu ya LED inataka kama volti 1.8 ndo ianze kuonekana, ile nyeupe inataka karibu 3. Nikaanza kulaumu mapanga, mara upepo mdogo, mara waya, kumbe jibu lilikuwa kwenye mota yenyewe. Vimota vile vikipewa volti 3 vinazunguka raundi elfu 10 na zaidi kwa dakika, sasa ukikigeuza kiwe jenereta hesabu inarudi hivyohivyo, yaani ili kikupe volti 3 lazima ukizungushe raundi hizo zote. Feni yetu ina upana wa sentimita 40, na kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde hata ncha za panga zikienda mara nne ya kasi ya upepo (hapo mapanga yamechongwa vizuri) unapata raundi 760 hivi kwa dakika. Haifiki popote. Watu wengi wanaacha hapa wakidhani upepo ndo tatizo.

Unaweza kufunga mpira na puli kubwa kuongeza mzunguko, tulijaribu, msuguano ukala karibu kila kitu. Ukitaka ushauri wangu tafuta mota inayotoa volti ikiwa inazunguka polepole. Tukafungua printa mbovu tukatoa ile mota ya hatua, stepa, ambayo ndani ina sumaku na koili nyingi na raundi moja inaigawa kwenye hatua 48 au 200 kutegemea na aina. Ukiizungusha kwa vidole tu taa ya LED inawaka. Pale ndo binti yangu alipopagawa, akawa anaizungusha tangu mchana mpaka usiku.

Kuna mchezo mmoja usikose kumwonyesha mtoto. Mpe mota aizungushe nyaya zikiwa wazi, halafu unganisha nyaya mbili za koili moja zigusane na umwambie azungushe tena. Inakuwa nzito ghafla! Akaniuliza nimeweka nini ndani. Sijaweka kitu, ni kwamba saketi ikifunga umeme unatembea, na umeme ukitembea kwenye koili unatengeneza usumaku unaopinga kile kinachoizungusha mota. Maana yake umeme haupatikani bure, mkono wako ndo unalipa, na baadaye upepo ndo utalipa. Na hiyohiyo ndo breki yetu mpaka leo, tukitaka kugusa mapanga tunashoti nyaya kwanza, yaani tunazigusanisha, feni inapungua mpaka inajikokota, hapo ndo mtu anaikamata. Panga la plastiki likiwa kwenye kasi linachana kidole, msifanye mzaha.

Sasa tuje kwenye kichwa cha habari. Stepa ikapanda juu ya mlingoti, upepo ukavuma, mita ikasoma volti 5, nikaunganisha balbu ya tochi ya zamani yenye waya ndani. Giza, na feni yenyewe ikapoteza mwendo. Mtoto akasema "baba mita inadanganya". Haidanganyi ila imeulizwa swali jepesi. Mita yenyewe hainywi umeme wa maana. Stepa ni kama tangi lililo juu ya nyumba lenye bomba jembamba, ukifunga koki presha ya maji iko palepale, ukiifungua yanatoka matone. Ule wembamba wa bomba ndo ukinzani wa koili, yetu ilikuwa kama omu 30, na balbu ile inataka ampea 0.3 nzima. LED inaridhika na sehemu chache tu kati ya elfu za ampea moja ndo maana iliwaka. Tangu siku hiyo hatupimi kitu bila mzigo, tumefunga LED na rezista yake (kipande kinachobana umeme usizidi) ikae hapo na mita tunaiweka juu ya hiyo.

Jambo lingine, stepa inatoa umeme wa kwenda na kurudi. Funga LED mbili zikiwa zimegeuziana, zungusha polepole, utaona zinapokezana. Ukitaka kuhifadhi lazima daiodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) kwa kila koili, na hapa msinunue zozote tu, zile za kawaida kila moja inakula karibu volti 0.7 na umeme unapita mbili kwa wakati mmoja, hiyo ni 1.4 imeenda. Za Schottky zinakula kama 0.3. Baada ya hapo tukaweka kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, upepo ukikata taa inaendelea kidogo. Betri za lithiamu bila kidhibiti chaji usimpe mtoto achezee, hapo sina mjadala.

Mapanga tuliyakata kwenye bomba la PVC, pembeni tukapiga msasa, ukingo wa mbele uwe wa mviringo wa nyuma uwe mwembamba. Seti ya kwanza niliifunga kinyumenyume, ukingo mwembamba ukawa unatangulia, na aliyeona ni yeye. Seti ya pili ilitetemesha mlingoti mpaka tukapata panga moja lenye uzito kuliko mengine, tukabandika selotepu kwenye yale mepesi, ikatulia.

Kilichomchanganya zaidi ni kwa nini siku ya upepo mdogo hatupati nusu, tunapata karibu sifuri. Nikamwambia fikiria upepo ni mipira unayorushiwa. Kasi ikiwa mara mbili kila mpira unabeba nishati mara nne, na mipira yenyewe inakufikia mingi mara mbili, kwa hiyo mara nane. Kwa feni ya upana wetu upepo wa mita 4 kwa sekunde unabeba kama wati 4.8, wa mita 2 unabeba 0.6 tu, na hata hizo huwezi kuchukua zote maana hewa lazima iendelee kupita, mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alishaonyesha mwisho ni asilimia 59.3. Sisi tunapata kipande kidogo cha hapo, koili ya stepa ndo inatubana.

Kwa hiyo mradi unaofuata ni kusuka jenereta yetu wenyewe kwa waya mnene na sumaku bapa, hiyo kazi yangu kabisa. Ila yeye anataka kwanza tujaribu mapanga mawili badala ya matatu. Nimemwambia feni itatikisika kila mkia ukiigeuza kufuata upepo. Kaniambia, "sawa baba, tupime".