Aliyekatiza dawa si mtoro

"Huyu ni mtoro, mtafuteni." Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu hapa Mombasa utaisikia, tena mbele za watu.

Maana inayokusudiwa ni fupi. Tiba ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6. Mgonjwa akikatiza dawa miezi 2 mfululizo au zaidi, daftarini anaandikwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Basi.

Sasa hilo neno. Mtoro kwetu pwani hakuanzia kwa mtoto anayekwepa shule. Alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Karne ya 19 watoro wengi walijificha Rabai, jirani na Mombasa, kwenye misheni, mabwana wakawafuata kuwadai, hata kampuni ya Waingereza ikabidi iwalipe mabwana hao fidia ndipo mwanzoni mwa 1889 watoro wakapewa vyeti vya uhuru. Kutoroka, basi, kunataka mwenyewe wa kutorokwa. Mgonjwa huyu kamtoroka nani? Nesi?

Waingereza nao walikuwa na lao: mgonjwa huyo walimwita "defaulter", jina la mtu aliyeshindwa kulipa deni. Shirika la Afya Duniani liliacha neno hilo mwaka 2013, pamoja na "mshukiwa" wa kifua kikuu, ambaye siku hizi ni "anayedhaniwa kuwa nacho". (Mshukiwa! Utadhani kaiba kuku.) Madaftari yakabadilika, midomo ikabaki palepale.

Na tofauti si ya maneno matupu. Yuko kibarua wa bandarini anayeingia zamu usiku. Kliniki ikifunguliwa, yeye ndiyo kwanza analala. Dawa ni bure, lakini nauli na kibarua cha siku hiyo anavitoa yeye. Yuko pia mama aliyekwenda Kwale kuuguza, akakaa, akawa anachukua vidonge vyake Msambweni, hukohuko Kwale, bila barua ya uhamisho. Huyo hajaruka hata siku moja, na huku Mombasa kashaitwa mtoro! Aliyepoteza ufuatiliaji hapo ni kliniki.

Kwa hivyo nyinyi ndugu zangu mnaopiga simu za kuwatafuta, mkimpata mtu mwulizeni, "Dawa ulikomea lini, na sasa uko wapi?" Hilo atalijibu. Mkianza na "Mbona ulitoroka?" ataikata simu, na kesho namba haipatikani.